Daftari la Mafuta

Leseni wamemnyang'anya Onésime mwezi Machi.
Doa limekaa katikati ya kila anachokitazama,
basi sasa usukani ni wangu
na masikio ni yake.

"Géralda, unaivuta mno."
Haoni boneti, haoni theluji
iliyolala juu ya mashamba ya viazi kama shuka isiyotandikwa,
lakini injini ikipandisha sauti kidogo tu
anajua nimekanyaga senti kumi.

Tunakwenda Caribou kwa daktari wa macho,
maili arobaini na tano kwenda, na kurudi zilezile,
ingawa yeye anabisha: kurudi ni nafuu,
upepo unatusukuma mgongoni.

Miaka arobaini nimemcheka mume huyu.
Anayefungua keria ya juu ya gari kila Septemba
na kuirudisha Juni, kwa mtumbwi mmoja, safari moja.
Anayepima upepo wa matairi kwa tochi, alfajiri, kamasi zikimtoka.
Aliyenikataza kuliwasha gari lipate joto kwanza:
"Litapata njiani, kama mimi na wewe."
Mkate ukiisha Jumatatu, nilingoje Alhamisi,
kwa kuwa Alhamisi kuna posta, na dawa, na mama yake,
na safari moja, alisema, sharti izae nne.
Majirani walimwita Konokono.
Malori ya magogo yalimpigia honi mpaka yakachoka.

Na daftari. Magari matatu, daftari moja,
limefungwa mpira ndani ya kijisanduku cha dashibodi:
tarehe, maili, galoni, bei,
kisha jibu la kugawanya,
lenye mistari miwili chini yake likimfurahisha.

Kwenye kilima cha Pelletier ananigusa goti.
"Sasa. Inua mguu."
Nainua.
Gari linateremka lenyewe, linapita ghala la Ouellette,
linapita kanisa,
taa ya njia panda ni nyekundu kule mbele
nasi tunaiendea kama mtu anayemnyemelea paka,
mpaka inageuka kijani magurudumu bado yanazunguka.
Anacheka. Hakuiona.
Aliihesabu.

Wanamchoma sindano ya jicho.
Nasubiri nje, injini nimeizima, blanketi mapajani.
Nani angeniona nikiiwasha?
Siiwashi. Nautoa mpira wa daftari.

Thelathini na moja. Thelathini na mbili. Thelathini na moja na nusu.
Mwaka juu ya mwaka, mwandiko ukizidi kuinama.
Halafu, Februari fulani,
kumi na nne.

Nikadhani alipotea hesabu.
Nikagawanya upya kwa kidole kwenye ukungu wa kioo.
Kumi na nne kamili.

Nikaitazama tarehe.
Usiku ule damu ilikuwa haikatiki,
Mathurin hajatimiza miezi saba tumboni,
barabara hii hii barafu tupu,
na Konokono aliikanyaga mpaka sakafuni,
akakipanda kilima cha Pelletier kama mwizi anayefukuzwa,
akaliacha gari mlangoni mwa hospitali,
milango wazi, taa zinawaka,
likinguruma na kunywa hadi kukapambazuka.

Kando ya ile kumi na nne, kwa penseli, neno moja:
Haidhuru.

Anatoka na kitambaa jichoni, ameshika mkono wa muuguzi.
Narudisha mpira upesi.
"Uliiwasha nilipokuwa ndani?"
"Sikuiwasha."
"Ukakaa kwenye baridi yote hii? Una akili wewe?"

Tunajaza tanki pale ambapo bei iko chini kwa senti mbili.
Naandika kwa mkono wangu, nagawanya.
"Ngapi?"
"Thelathini na tatu."

Ananyamaza mpaka tunalipita kanisa,
mpaka tunalipita ghala la Ouellette.

"Umekosea," anasema. "Gawanya tena."