Vidole vya Msasa

Miezi miwili yule binti alinichekea
kutoka kwenye bango la TAZARA,
urefu wake ghorofa tatu,
shavuni kaegesha simu nyembamba kama fomeka,
na chini yake maneno ya dhahabu:
DUNIA SASA INAKUJUA.
Redioni ilitangulia taarifa ya habari,
ikafuata matangazo ya vifo.
Migongoni mwa vijana wa bodaboda ilipita
ikienda Temeke, ikirudi Temeke.

Mama akasema: Kizuri chajiuza.
Nikaishia hapo hapo,
nikamwambia, ndiyo mama, ni kizuri kweli.
Nusu ya pili alinimalizia baadaye
bila kunitazama, akichambua mchele.

Nikauza kitanda cha mninga, tano kwa sita,
nilichokipiga msasa siku nne
mpaka kikawa laini kama shingo ya mtoto.
Hela nikaihesabia Kariakoo, Mtaa wa Aggrey.
Muuzaji alivaa glavu nyeupe.
Glavu, jamani, kama anashika mwali!
Akalifungua boksi taratibu.
Harufu ilikuwa nzuri. Hilo siwezi kuliponda.

Weka kidole, mzee, ikujue.
Nikaweka. Ikatetema, ikakataa.
Cha pili, ikakataa.
Tukavimaliza vyote kumi,
hata kile kilicholiwa ncha na msumeno.
Akaugeuza mkono wangu kwenye taa,
akacheka: Mzee, wewe huna alama!

Miaka ishirini na sita
nilidhani naila mbao,
kumbe msasa unanila mimi, kimyakimya,
nikabaki na ncha laini kama miguu ya meza.
Vidole vilivyoinunua
ndivyo ilivyovikana.

Basi tukaisajilia uso.
Uso inaujua Jumapili, nikishaoga.
Siku za kazi, vumbi la mkangazi likiwa kwenye nyusi,
inaniuliza mimi nani.

Kamera nayo.
Nilipiga picha kabati la Mama Kokushubila,
nikamtumia aone kazi yake ilipofikia.
Simu inapenda urembo:
iliona michirizi ya mninga, ikadhani makunyanzi,
ikaifuta yote.
Akajibu: Fundi, hili mbona plastiki?

Mama nilimpiga akiwa amekaa mlangoni.
Aliitazama ile picha muda mrefu,
akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.
Huyu si dada yangu Tabu?
Umempata wapi?
Na Tabu tulimzika Kisarawe
kabla mimi sijaota ndevu.
Sikuwa na jibu. Nikaizima.

Saa nane mchana ilikuwa imejizima yenyewe.
Umeme ukikatika Keko, na hukatika,
Selestini, kijana wangu wa karakana,
huchomoa kitochi chake kilichofungwa raba
akanimulikia nipime.
Kitochi kile kile kinashika redio,
na redio inatuambia
kuna toleo jipya, jembamba zaidi.

Nilirudi Aggrey mara moja.
Zile glavu zilikuwa zinamfungulia mtu mwingine boksi,
mama mmoja wa makamo, mikono yake ya kufulia nguo.
Nilitaka kumwambia kitu.
Alikuwa anatabasamu sana.

Masika yakaingia.
Vijana walilishusha bango la TAZARA,
turubai zito la kigeni,
wakaja kulikatakata Keko Magurumbasi, bei maelewano.
Nimechukua kipande cha elfu kumi na tano:
jicho moja, nusu ya tabasamu,
na neno INAKUJUA.
Nikafunikia mbao zangu.

Ilinyesha usiku kucha.
Asubuhi nikaingiza mkono chini ya shavu lake,
vidole hivi hivi,
nikapapasa mninga, ubao kwa ubao.

Mkavu.