Dakika Arobaini

Aliniomba dakika arobaini,
saa nane usiku, wodi ya figo ina wagonjwa watatu,
mvua ya Kutaisi inachapa mabati ya gereji.
"Zurab," Lamara akasema, "shika kalamu na karatasi.
Nikiizima seva, wewe ndiwe kumbukumbu yetu."

Mimi muuguzi. Najua mshipa, sijui waya.
Nikasimama nyuma ya kiti chake
kama jamaa wa mgonjwa aliyekatazwa kuingia
na ameingia.

Kwanza hakugusa kitu.
Alisoma. Vifurushi mia moja na kumi na sita,
kila kimoja na namba yake kuukuu, namba yake mpya,
akivisoma kama nisomavyo mimi cheti cha dawa:
hiki kikiingia, kipi kitatoka?
Akakuta kimoja kinataka kung'oa hifadhidata nzima
ili kipate pa kukaa.
"Mgeni gani huyu," akanong'ona, "anayemtoa mwenye nyumba?"
Akakifunga pale pale kilipo, kisubiri.

Kisha nakala. Akainakili diski yote,
na hakuridhika kwamba imenakiliwa:
akaifungua kwenye mashine ya pembeni,
akamtafuta bibi Tsiala wa kitanda cha pili,
akamwona, uzito wake, damu yake, Jumanne zake.
"Nakala usiyoijaribu," alisema, "ni dua tu."

Nilimkumbuka Otar, aliyekikalia kiti hiki kabla yake.
Mkono mwepesi. Ndiyo, ndiyo, ndiyo,
na asubuhi famasi ikaamka haijui jina la dawa hata moja;
siku mbili tuliandika hadi vidole vikavimba.
Baada ya hapo akaogopa. Miaka minne hakugusa kitu,
na nyufa, zisipozibwa, hujifunza kuwa milango.

Katikati ya kazi skrini ikauliza:
faili hili limebadilishwa na mtu;
niweke langu, au nibakize lenu?
Lamara akataka kwanza aone tofauti.
Mstari mmoja tu, na juu yake maneno:
*Usifute. Mashine za figo hupitia hapa. Otar.*

Akanyamaza.
Akabakiza letu.

Saa nane na dakika ishirini na saba akaiwasha upya.
Giza. Feni zikapaa, zikatua.
Akaita, haikuitika.
Akaita, haikuitika.
Nikajikuta nahesabu kama nihesabuvyo
mapigo ya mtu kabla sijamwita daktari.
Ya kumi na tisa, ikaitika.

Hakushangilia. Akapita huduma moja moja
akizigonga bega: upo? upo?
Mimi nikaingiza shinikizo la damu la bibi Tsiala kutoka karatasini,
mia thelathini na nne kwa themanini,
likakaa.

Bibi mwenyewe alilala usiku kucha, mdomo wazi.

Kabla ya kufunga, Lamara alirudi kwenye faili lile,
chini ya jina la Otar akaandika tarehe,
na neno moja: *Bado.*