Karani wa Mizani

Miaka kumi na tisa nilikaa kibandani, Shibale,
nikiandika uzito wa matrekta yaliyoingia yamelemewa miwa
na uzito wa matrekta yaliyotoka matupu.
Nilitoa hiki kwa kile: hiyo ndiyo ilikuwa karo ya watoto wa watu.
Sikujua kwamba nami nilikuwa nikipimwa.

"Sukari," akasema nesi Andayi bila kuinua macho,
kama anayenitajia jirani aliyehamia.
"Kumi na saba nukta mbili."
Nikacheka. Mtu wa miwa kuugua miwa!
Hakucheka. Alitazama viatu vyangu.
"Na hivi, mzee, kazi yake ni kulala chini ya meza?"

Basi nikaanza. Si kwa ushujaa, kwa aibu.
Alfajiri, kabla redio haijasoma matangazo ya vifo,
natoka kuelekea daraja la Nzoia.
"Shiundu, umefukuzwa nyumbani?"
Mtu mzima anayetembea bila jembe, bila mzigo, bila msiba,
huku kwetu ni habari.

Siku ya kwanza niliishia kwenye kinu cha posho,
nikarudi nikikohoa kama injini iliyolala nje.
Mwaka wa pili, nikaliona daraja.
Mwaka wa sita niliacha kuhesabu hatua,
nikahesabu raba zilizotoboka: jozi tano,
na ya sita ikanibana, nikampa shemeji.

Hakuna aliyepiga makofi.
Ndiyo shida ya dawa hii:
faida yake ni mambo ambayo hayakutokea.
Kidonda ambacho hakikuota.
Ganzi iliyobisha hodi vidoleni, ikakuta nimetoka.
Mimi karani, niandike nini daftarini?
Siku ambayo sikulazwa ina kilo ngapi?

Halafu kuna Osundwa.
Tuliambiwa wiki moja, benchi moja.
Tulitembea pamoja miaka minne, tukibishana juu ya mbolea,
na pumzi zake zilikuwa ndefu kuliko zangu.
Kisha msumari. Kisha wiki mbili za "kitapona chenyewe."
Kisha msumeno.
Kwa hiyo usiniletee hesabu nyepesi,
eti atembeaye hupona, aketiye hufa.
Sijapona. Jicho la kushoto lina ukungu,
nasoma namba za chupa za dawa nikiwa nimezielekeza mlangoni.

Kila asubuhi napitia kwake.
Yuko barazani, kitini, tayari ametoka jasho,
chupa mbili zilizojazwa mchanga zinapanda na kushuka mikononi mwake.
Ishirini. Anapumua. Ishirini tena.
Nikichelewa, ananitukana mpaka kuku wanaondoka.

Mara moja tu sukari iligeuza njia, ikashuka.
Ilikuwa karibu na Ekero, sikuwa nimekula,
magoti yakawa ya mtu mwingine,
barabara ikasahau inakoelekea.
Kijana wa Nambwaya akauvunja muwa gotini,
akanishindilia kipande mdomoni: "Tafuna, babu!"
Nikatafuna.
Utamu ukanirudishia majina ya vitu, kimoja kimoja:
mti, nguzo, kijana, mimi.
Adui yangu akaninyanyua kwa mkono wangu mwenyewe.
Tangu siku hiyo natembea na peremende mbili
mfuko wa shati, upande wa moyo.
Wajukuu wanajua ziko. Wanajua pia haziguswi.

Kibanda changu siku hizi kimefungwa kwa waya,
buibui ndiye karani.
Nikipita, mazoea hunivuta,
napanda kwenye bamba la chuma, nasimama wima,
mzee mmoja mwenye umande kwenye raba.
Halitikisiki. Limezoea tani.
Nangoja kidogo, kama aliyeahidiwa risiti,
kisha nashuka.
Osundwa sasa hivi anatazama saa.