Mayai Mawili na Siki

Jumamosi, Cēsis, theluji imefika dirishani.
Nimevunja mayai mawili, nikatia siki ya tofaa,
nikajipaka kichwa kizima hadi kisogoni.
"Mama, unanuka achari," asema Elvīra,
naye ana jamu puani.

Rudis alijua kabla yetu sote.
Amesimama kwa miguu miwili ukingoni mwa beseni,
ulimi nje,
mnyenyekevu kama mdaiwa.

Kosa langu lilikuwa maji.
Moto mno. Yai halisamehe:
liliiva papo hapo, utosini.

Gatis akaja na kitana cha meno mapana,
akachambua, kipande kimoja kimoja,
kama atoaye mawe kwenye mchele,
na kila kipande kikaenda kwa mbwa.
Paka, juu ya mashine ya kufulia,
alitutazama kama wapangaji
wasiolipa kodi.

Hakuna aliyeuliza kama nywele zimetakata.
Zilikauka usiku kando ya jiko,
laini, naapa, laini kuliko miaka yote ya chupa,
na sikuweza kugeuza shingo:
Rudis alikuwa amezilalia,
pua imezama humo,
akitafuna ndotoni.