Hesabu Bado Ni Moja

Saa nane usiku, Tudor. Stima imerudi,
feni yazunguka kwa kinyongo.
Nachomeka kidude cha mtandao, nakichomoa.
Nachomeka. Nachomoa.
Mara mia mbili na kumi na moja kiini kilikubali kuagwa.
Mara iliyofuata kikaganda,
kikawa chaniandikia kila baada ya sekunde kumi:
nangoja kifaa kiachiliwe, hesabu ya wanaokishika, moja.

Moja nani?
Kifaa ki mkononi mwangu, bado kina joto.

Msimbo ni wa Thoya, mistari mia tatu na ushei,
umepangika, na maelezo yake yana adabu.
Kuingia kwake hakuna neno:
aomba kumbukumbu, afunga kufuli, ajiandikisha,
aweka kengele ya kumwamsha kila nusu sekunde.
Kuingia sote twakujua. Harusi ina kamati.
Kutoka ndiko huandikwa Ijumaa jioni.

Nikamwandikia: Thoya,
nilipokuwa Majengo maji ya mfereji yalikuja yakitaka,
twategemea Musembi na mkokoteni wake.
Alfajiri, watu hawajaamka, humimina
katika pipa la buluu mlangoni pa chumba cha tatu,
kwani ndivyo alivyoagizwa na Saumu,
na Saumu hulipa mwisho wa mwezi.
Saumu akahama. Akarudisha funguo,
akafuta jina lake ukutani, akaagana hata na paka.
Musembi hakuambiwa.
Akaingia Dama, muuza mkaa,
lile pipa akalijaza mkaa.
Siku mbili, kimya,
maana Musembi alikuwa na homa
(na hapo ndipo sisi mafundi husema: nimejaribu, lafanya kazi).
Siku ya tatu, lita themanini juu ya mkaa wa watu.
Matusi ya Dama yalifika Sabasaba.

Mkosa ni nani? Musembi alikwenda alikoelekezwa.
Mlango ni uleule, pipa ni lilelile.
Kilichobadilika ni mwenyewe.

Kengele yako ndiyo Musembi.
Umerudisha kumbukumbu mstari wa mia na themanini na nane,
ukazima kengele mstari wa tisini na moja.
Mistari mitatu tu. Mkokoteni hupita hapo.
Wala usiniambie umemkataza asije kesho:
huenda sasa hivi yuko kona, mtungi begani.
Mngoje autue.
Mngoje ageuke.
Kisha ndipo urudishe funguo.

Ila usimngoje hali umelikomea lango,
naye yu nje abisha, ataka kuingia amalize kazi.
Mtangojana hadi kiyama, nyote wawili mna haki.

Nikapeleka. Nikanywa kahawa iliyopoa.
Nikapanga upya mistari ile, nikachomoa,
na bado: moja.

Basi hilo lilikuwa kosa jingine, dogo, la chini chini.
Lilinishika hadi adhana ya kwanza.
Mstari wa tisini washika kifaa, hesabu yapanda.
Mstari wa tisini na saba, kumbukumbu ikikosekana,
kuna njia ya mkato: rudi nyumbani.
Amerudi. Hakuachia.
Hupita huko mara moja katika mia mbili,
siku ya dhiki, na siku ya dhiki nani akumbuka kuaga?
Nikaandika maneno matatu pembeni:
hapa hukuachia, Thoya.

Simu ikalia. Bwana Famau, ujumbe wa tatu wiki hii:
"Binti, kile chumba cha Majengo sijakipangisha mpaka leo.
Ufunguo wa pili sijui u wapi.
Nimewauliza wote, umebaki wewe."

Nilihama Februari.
U kwenye droo ya nyaya, chini ya vidude vilivyokufa,
na kikaratasi changu mwenyewe: chumba cha tano.

Nikaufunga mkononi.
Kioo kikaandika tena.