Mtungi Mmoja, Kata Saba

Bei ilitoka Unguja kwa karatasi yenye muhuri:
seva moja, leseni saba, fundi wa siku tatu na chakula chake.
Mwalimu mkuu akaisoma hadi chini, akaikunja mara nne,
akaipachika chini ya mguu wa meza uliokuwa ukichezacheza.
Meza ikatulia. Faida ya kwanza hiyo.

Hapa Konde tulikuwa na kompyuta nane za msaada,
kila moja na daftari lake, kila moja na uongo wake.
Ya ofisini ilimjua Mize Hamad. Ya maktaba, Miza Hamadi.
Ya mtaaluma ilimwandika M. H. Khatib, mtoro wa wiki sita,
na mtoto mwenyewe yumo darasani, anafuta ubao.
Flashi ilizunguka mfukoni mwa Mwalimu Kaije
pamoja na ufunguo na pipi ya kifua,
ikibeba alama za Kidato cha Pili
na virusi vya kila mlango ilikopiga hodi.

Basi tukachanga.
Kamati ya wazazi ikatoa pishi mbili za karafuu kavu,
Bi Raya wa kantini akatoa maandazi yake ya Jumatatu, yote.
Fundi Mbwana akaja kutoka Wete, robota la waya begani.
Tukaupitisha ndani ya mpira wa kumwagilia,
maana panya wa huku hawana adabu,
tukauzika kando ya msingi, nyuma ya choo cha walimu,
ukaenda kuchomoza chumba cha chaki.

Humo tukaiweka ile kuukuu kuliko zote,
haina kioo, haina kibodi,
feni yake inakoroma kama mtu aliyevimbiwa na daku.
Programu yake ya bure; mjuzi wake mimi,
niliyejifunza usiku kwa simu yenye ufa.
Watoto wakaiita Mtungi.

"Maji ni yaleyale," nikawaambia walimu, "kata ndizo nyingi."
Kaije akataka kuandika, kioo kikamjibu: Subiri, Zuwena anaandika.
Akachungulia dirishani, akapaza sauti uwanja mzima:
"Zuwena! Toa kata yako mtungini!"
Siku hiyo nikajua imefanya kazi.

Ikabaki kuyaoanisha majina.
Wiki mbili, kila baada ya Isha, Miza nikimrudisha kwa Mize,
Hamadi kwa Hamad,
mpaka watoto elfu moja mia mbili na kumi
wakashuka kuwa elfu moja mia moja na thelathini.
Themanini hawajapata kuzaliwa.
Walihesabiwa vitabu, wakakatiwa uji,
wakafeli kila mwaka bila kumsumbua mtu.
Mwalimu mkuu akaitazama tarakimu, akautazama mlango.
"Uji wao," akasema, "tulikuwa tukimpa nani?"
Hakuna aliyejibu. Feni ikakoroma.

Jumatano akaja mtoto wa darasa la nne, shati nje.
"Mwalimu Zuwena kanambia mie simo."
Nikamtafuta.
Nassib Faki Shaame, tarehe tatu Machi, mama yake Asaa.
Nassor Faki Shaame, tarehe tatu Machi, mama yake Asaa:
huyu nilimfuta mwenyewe, usiku wa Jumapili,
nikidhani ni mwandishi aliyesinzia, herufi mbili zimemteleza.
Pacha.
Katika visanduku vyangu vyote
hamkuwa na kisanduku cha pacha.

Nikamwandika upya, yeye kasimama begani kwangu,
pumzi yake ya embe bichi na chumvi.
Nikabonyeza, na papo hapo akawa yumo
ofisini, maktaba, kwa Kaije, kwa Zuwena, kote saba,
kwa gharama ya waya wa mita tisini
na mpira wenye viraka.
Nikadhani atacheka.
Akapeleka kidole kiooni, mstari ulio juu ya wake.
"Na Nassib yumo bado?"
"Yumo."
"Hukumtoa yeye ili niingie mie?"

Nikamsogezea kiti.
Akahesabu kwa kidole: mmoja. Wawili.
Akarudia.
Ndipo akachomoka mbio kuwahi uji.