Kitufe cha Reino

Hancock, Michigan, Februari. Theluji imefika vizingiti vya madirisha.
Lempi Haapala ananifungulia mlango wa nyuma;
wa mbele ameuacha uzikwe hadi Aprili.
"Taa zinawaka," anasema, kabla ya salamu.
"Mwenye hofu ni mwanangu. Yuko Tampa. Kule kuna joto,
hofu inaota upesi."

Chini ya ngazi, nyuma ya chupa za bitiruti za siki,
paneli ya kijivu. Kampuni yake ilikufa
mwaka nilipokuwa nang'oka meno ya utoto.
Ndani ya kifuniko, penseli ya marehemu:
keittiö. Kellari. Na sauna,
iliyopigiwa mstari mara mbili.

Breka ya sauna ina kitufe cha manjano.
Kazi yake ni ya karani mchoyo:
anahesabu umeme unaotoka, anahesabu unaorudi,
na ukipungua miliampia tano tu,
chembe isiyoweza kuamsha balbu ya friji,
anafunga duka papo hapo.
Maana kilichopungua hakikupotea.
Kimepata njia yake ya kwenda ardhini,
na njia hiyo huenda ikawa mtu mwenye miguu iliyolowa.

"Reino alikibonyeza kila mwezi."
"Kikakata?"
"Sijui. Nilikuwa juu. Nilimsikia tu akisema: haya."

Nakibonyeza.
Tik.
Taa ya sauna inaendelea kuwaka
kama mtoto aliyeitwa akajifanya hasikii.
Narudia kwa kidole gumba, kisha kwa mpini wa bisibisi,
adabu ikinipungua.
Karani amefia mezani, kalamu mkononi,
na hakuna aliyejua, kwa kuwa duka lilibaki wazi.

Mbadala wake hautengenezwi tena.
Yupo mtu Toledo anauza moja, iliyotumika,
dola mia mbili na arobaini, haijajaribiwa.
Hiyo, namwambia Lempi, ni kununua mwavuli kwa kuangalia picha.
Nafunga kisanduku kipya, kidogo, cheupe,
ubavuni mwa kile kikuukuu. Nahamisha waya wa moto,
nahamisha na nyutro yake
(hiyo ndiyo watu huisahau, kisha wakakilaumu kiwanda),
nakaza, napuliza vumbi, nawasha.

Kinakata.

Nawasha.
Kinakata.

Lempi yuko kwenye ngazi, mikono ndani ya aproni.
"Kibovu hicho chako. Cha Reino
hakikutusumbua miaka arobaini na mitatu."

Simjibu. Nachukua tochi, naingia sauna,
nang'oa mbao tatu nyuma ya benchi la kuvulia viatu.
Panya wamekula ngozi ya waya
hadi shaba imechungulia, inang'aa, inagusa msumari;
msumari umegusa bomba; na bomba linapita
kiganja kimoja tu kutoka mahali
ambapo ubao umelainika kwa mgongo wa mtu.

"Hapo ndipo ninapokaa."
Sikumsikia akija. Amevaa viatu vya sufu,
chini yake vipande vya tairi vilivyobandikwa kwa gundi,
kazi ya mkono uleule wa penseli.
"Alinikataza kutembea pekupeku humu," anasema.
"Nilidhani anaogopa nitapata mafua."

Tunayatazama yale matairi, wote wawili.
Sina swali ambalo ningeweza kumwuliza
na yeye hana wa kumwuliza.

Saa kumi na moja jioni waya mpya uko ndani ya bomba lake,
mbao zimerudi, na breka imetulia.
Njoo, namwambia, jaribu mwenyewe.
Anajifuta kidole kwenye aproni, kana kwamba anataka kutia sahihi,
anabonyeza.

Giza sauna nzima. Feni inazunguka kwa kujikokota, inanyamaza.
Namsikia akipumua hapo karibu yangu,
muda mrefu kuliko jaribio lenyewe,
halafu, kwa sauti ya mtu anayeongea na aliye chini ya ngazi:
"Haya."